Mama na Usukani: Gia Hupanguliwa Kabla ya Mteremko

Kila mwisho wa mwaka unapokaribia familia nyingi hufunga mizigo na kwenda kuwasalimu wazee. Zamani ilikuwa jambo la kawaida baba kushika usukani na mama kukaa pembeni amempakata mtoto. Siku hizi sivyo tena. Akina mama wengi wanaendesha wenyewe, tena safari ndefu, na wengine wanaendesha kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuendesha. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo vyuo vya udereva hulipitia haraka haraka, na ambalo mume akiwa ndiye mwalimu hulipitia kwa ukali: namna ya kupangua gia, na kazi ya miguu miwili juu ya pedeli tatu.

Tunasema juu ya magari yenye klachi. Tunajua kwamba magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani ni ya otomatiki, na wenye nayo tutawapa neno lao huko mbele. Lakini pikapu ya shamba, gari la zahanati, Land Cruiser ya mradi na lori dogo la mzigo aghalabu bado vina klachi. Dada anayeamshwa usiku ampeleke jirani hospitali kujifungua hachaguliwi gari.

Tuanze na mlima. Anayetoka Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, akaelekea Lushoto, hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita kama 33 za kona. Kupanda hakumtishi mtu sana, kwa sababu gari lenyewe hulalamika na dereva hulazimika kupangua gia. Kazi iko siku ya kurudi. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria na mizigo likiteremka mita 1,000, nguvu inayotoka katika kuteremka huko, kama ingegeuzwa yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji. Hebu zitazame kwa macho ya jikoni: ni ndoo mbili kubwa, kutoka baridi hadi kutokota. Sehemu ya nguvu hiyo huliwa na upepo na tairi. Iliyobaki haina budi kwenda mahali, na mahali penyewe ni pawili tu: kwenye breki au kwenye injini.

Breki za gari dogo ni vipande vinne vya chuma vilivyofichwa ndani ya magurudumu. Zimetengenezwa kupokea joto jingi kwa muda mfupi, kisha zipoe. Ukizikandamiza nusu saa nzima bila kuziachia, hazipati nafasi ya kupoa. Kwanza utasikia harufu, kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Kisha pedi hupoteza uwezo wa kushika, nawe unakanyaga kwa nguvu zaidi na gari halipungui mwendo. Mwisho mafuta ya breki yenyewe huchemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedeli, inazama mpaka chini kama mguu uliotumbukia kwenye tope, na gari linaendelea na safari yake.

Injini, kwa upande wake, ina maji, rejeta na feni, na huweza kufanya kazi hiyo kutwa nzima pasipo kulalamika. Mguu wako ukitoka kwenye mafuta huku gia imo, si injini tena inayozungusha magurudumu, bali magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Nayo injini hupinga. Pistoni zake zinalazimika kuvuta hewa kupitia mlango ambao umefungwa, na kila chuma ndani yake kinasuguana na kingine. Upinzani huo ndio unaolishika gari. Gia ikiwa ndogo, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na hushika kwa nguvu zaidi. Injini nyingi za dizeli hazitegemei mlango huo wa hewa, kwa hiyo hushika kidogo kuliko ya petroli yenye ukubwa uleule. Ndiyo sababu malori makubwa huongezewa breki ya ekzosi.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atusikilize vizuri. Dada wengi waliojifunza mjini, kwenye tambarare, wana mazoea ya kukanyaga klachi na breki kwa pamoja kila wanapotaka kupunguza mwendo. Wengine walifundishwa hivyo makusudi, ili gari lisizime siku ya mtihani. Mjini mazoea hayo hayana hasara kubwa. Mlimani ni hatari tupu. Klachi ikiwa chini, injini na magurudumu vimeachana. Gia yoyote uliyoweka haina kazi, ni sawa na gari lililowekwa frii. Mama anaweza kuwa ameweka gia ya pili kwa uangalifu wote, kisha kona inakuja, anashtuka, miguu yote miwili inashuka pamoja, na papo hapo amejinyang'anya ile breki ambayo haichemki. Anashangaa gari linaongeza kasi badala ya kupunguza. Anakanyaga zaidi. Miguu yote miwili.

Mzizi wa mazoea hayo ni woga wa gari kuzima. Basi tuseme wazi: injini ya gari dogo ikiwa kwenye gia ya tatu haitazima kwenye kilomita 40 kwa saa, wala 30. Ikikaribia kuzima itakuambia yenyewe, itaanza kutetemeka na kugongagonga, na huo ndio wakati wa kukanyaga klachi, si kabla. Unapotaka kupunguza mwendo, mguu wa kulia peke yake ndio unaokwenda kwenye breki. Mguu wa kushoto hukaa sakafuni mpaka gari limekaribia mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, au mpaka unapotaka kubadili gia. Jambo hili moja, msomaji akilishika na kuyasahau mengine yote ya ukurasa huu, tutaridhika.

Kabla hatujaingia kwenye mbinu yenyewe, kuna kisa ambacho tunapenda kila mama anayeendesha akijue. Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari la magurudumu matatu lililoundwa na mumewe, Karl Benz, pasipo kumwambia, akafuatana na wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim kwenda kumwona mama yake Pforzheim. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 100, wakati ambapo hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa gari la injini. Mafuta aliyanunua kwa mwuza dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Kwenye miinuko watoto walishuka wakasukuma, kwa maana gia za gari lile hazikutosha kupanda. Na kwenye miteremko vibao vya breki vililika kwa msuguano, hata akamtafuta fundi viatu avipigilie ngozi. Aliporudi aliyaeleza yote hayo, na gari likaongezewa gia ya kupandia milima. Kwa hiyo akisema mtu kwamba mambo ya gia na breki si ya wanawake, mwulize kama anajua ni nani aliyeyajaribu kwanza njiani, tena akiwa na watoto.

Sasa tuje kwenye miguu. Kaa kwenye kiti, kanyaga klachi mpaka mwisho, na utazame goti la kushoto. Linapaswa kubaki limekunjwa kidogo. Likinyooka kabisa, kiti kiko mbali. Likigusa usukani, kiko karibu mno. Kwa wafupi, mto wa kukalia unasaidia kuona mbele, lakini uwe mgumu na usioteleza. Kisigino cha mguu wa kulia hukaa sakafuni mbele ya pedeli ya breki, na hapo hakihami. Vidole ndivyo vinavyozunguka, mara kwenye breki, mara kulia kwenye mafuta, kama mkono wa saa. Anayeinua mguu mzima kutoka pedeli moja kwenda nyingine hupoteza muda, na siku moja atakanyaga baina ya pedeli mbili. Mguu wa kushoto ukimaliza kazi ya klachi unarudi kando. Usiupumzishe juu ya pedeli hata kama unaona haukandamizi. Uzito wa mguu uliolala unatosha kuisukuma beringi ya klachi na kuilegeza sahani, nayo huteleza kidogo kidogo ikiungua. Fundi atakuambia klachi imekwisha, naye atakuwa anasema kweli, lakini hatakuambia ni nani aliyeimaliza.

Viatu navyo. Tunajua ukurasa wa mitindo wa gazeti hili una maoni yake, nasi hatutaki ugomvi. Hata hivyo kisigino kirefu hukinyima kisigino chako sakafu, soli nene ya raizoni haikuruhusu kuhisi pedeli, na kandambili hujikunja na kunasa chini ya breki. Weka ndani ya gari jozi ya viatu vya chini vyenye kamba au mkanda, uvivae kwa safari, na vile vizuri uvivae ukifika. Ila visiwekwe chini ya kiti cha dereva, kwa kuwa mteremkoni vitateleza mbele mpaka chini ya pedeli. Hali kadhalika chupa ya maji ya mtoto na chungwa lililodondoka. Kanga iliyofungwa kwa ndani isizidi ndama za miguu, na kapeti la sakafuni lifungwe lisisogee.

Madereva wetu husema kupanga gia wanapotoka ya kwanza kwenda ya pili, ya tatu na kuendelea, na kupangua wanaporudi chini. Kupanga ni rahisi, kwa kuwa injini ikiachiwa hushuka mizunguko yenyewe na kukutana na gia kubwa. Kupangua ni kinyume. Chukua gari ambalo gia ya nne ni moja kwa moja, ya tatu ni 1.4, ya pili ni 2.1 na ya kwanza ni 3.6, hesabu ambazo si ngeni kwenye magari ya kawaida. Likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa na injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika katika gia ya nne, ukiweka ya tatu injini lazima ifike 3,360. Ukiweka ya pili, 5,040. Ukikosea ukachomeka ya kwanza, 8,640, na injini nyingi za petroli mwisho wake salama ni baina ya 6,000 na 7,000. Za dizeli ni chini zaidi. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia, ni kununua injini nyingine.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Ondoa mguu kwenye mafuta, na kwa breki punguza mwendo mpaka ule unaoifaa gia unayoiendea. Kanyaga klachi mpaka chini. Sogeza mkono wa gia bila kuulazimisha. Kisha, kabla hujaachia klachi, gusia mafuta kidogo ili injini ipande mizunguko, halafu iachie klachi taratibu pale inapoanza kushika. Kule kugusia mafuta ndiko kunakotenganisha dereva na mtu anayejua tu kuendesha. Usipogusia, klachi ndiyo itakayoivuta injini kutoka 2,400 hadi 3,360 kwa msuguano wake, na gari litaruka mbele na kurudi nyuma, vichwa vya abiria vikiitikia. Kwenye lami kavu utapata aibu tu. Kwenye tope, au mvua ya kwanza inapogeuza vumbi kuwa utelezi, magurudumu yanayoendeshwa na injini hushikwa ghafla, na pikapu tupu isiyo na mzigo nyuma huweza kugeuka ikatazama ilikotoka.

Swali ambalo wasomaji wameuliza ni hili: je, mtu apangue gia zote moja moja kila anaposimama? La hasha. Kwenye tambarare, ukiona taa nyekundu mbele, tumia breki, na mwishoni kanyaga klachi. Pedi za breki ni rahisi kubadilisha, wakati klachi inataka giaboksi ishushwe. Wala si lazima kupita kila gia. Kama breki imeshakupunguza mpaka kilomita 25, toka ya nne uingie ya pili moja kwa moja. Kupangua kwa ajili ya kushika gari ni kazi ya mteremko, na mteremkoni hupanguliwa juu, kabla gari halijaanza kushuka. Kibao cha kuonya mteremko kikionekana, hapo ndipo pa kuamua. Kanuni ya wazee ni kwamba gia iliyokupandisha mlima ndiyo ya kukuteremshia. Kwa magari ya sasa yenye nguvu tunaona kanuni hiyo ipunguzwe gia moja: kama ulipanda na ya nne, teremka na ya tatu. Utajua umechagua vyema ukiwa unagusa breki mara chache, kwa nguvu, kisha unaiachia kabisa ipoe. Ukijikuta mguu haubanduki kwenye breki, gia bado ni kubwa. Shusha nyingine mwendo ukiwa bado mdogo.

Kungoja mpaka katikati ya mteremko kuna ubaya mwingine. Unakanyaga klachi, unatoa gia ya nne, na ya tatu inakataa kuingia kwa kuwa gari limeshakolea kasi. Sasa uko frii, mlima unakusukuma, na mkono unahangaika. Usiutazame mkono wa gia. Tazama barabara, punguza mwendo kwa breki kwa nguvu, kisha jaribu tena. Ya tatu ikikataa kabisa, irudishe ya nne. Gia kubwa inashika kidogo, lakini frii haishiki chochote.

Wazee wetu waliendesha magari yaliyokuwa magumu zaidi. Vifaa vinavyolinganisha kasi ndani ya giaboksi ili meno yasikwaruzane vilianza kuuzwa kwenye gari la Cadillac mwaka 1928, lakini vilichelewa kufika kila mahali. Land Rover za zamani, ambazo zilibeba wagonjwa, vitabu na maharagwe katika nchi yetu nzima, zilikuwa navyo kwenye gia ya tatu na ya nne tu, hadi aina ya Series III ilipotoka mwaka 1971. Kuingia ya pili mlimani dereva alipaswa kukanyaga klachi mara mbili: anakanyaga, anatoa gia na kuweka frii, anaachia klachi, anatia mafuta injini ipande, anakanyaga tena, anaingiza ya pili. Ukimwona mzee anafanya hivyo hata kwenye gari jipya, usimcheke. Hakuharibu kitu, na giaboksi yake iliyochoka humshukuru. Kwa gari la leo lililo zima si lazima, ila mbinu hiyo inafaa sana kwa kuirudisha gia ya kwanza kabla gari halijasimama, mathalani kwenye mwinuko wa tope ambapo ukisimama hutaondoka tena.

Kuna na ile ya kutumia mguu mmoja kwa pedeli mbili, mbele ya unyayo kwenye breki na ubavu wa mguu ukigusia mafuta kwa wakati uleule. Ni mbinu ya mashindano. Mfaransa Michèle Mouton, aliyeshinda mbio nne za ubingwa wa dunia mwaka 1981 na 1982, akamaliza wa tatu katika Safari Rally ya mwaka 1983, aliishi kwa kazi ya miguu ya namna hiyo. Tunamheshimu sana. Lakini mama mwenye watoto watatu kiti cha nyuma haitaji kuijua.

Tulikute pia lile neno la kuteremka frii ili kuokoa mafuta, maana wako waume wanaolisifu. Kwa gari la kabureta kulikuwa na ukweli mdogo ndani yake. Kwa injini ya injeksheni mambo ni kinyume: mguu ukitoka kwenye mafuta huku gia imo na gari linakwenda, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu yanaizungusha injini bure. Ukiweka frii, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Mbaya zaidi ni anayezima injini. Breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Ikizimwa, ukishakanyaga mara mbili tatu pedeli huwa ngumu kama jiwe, na usukani wenye msaada wa nguvu huwa mzito. Na akiuchomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga.

Ikitokea breki zimelegea, usiikanyage klachi na usizime injini. Pigapiga pedeli ya breki haraka haraka, mara nyingine hurudisha uhai kidogo. Pangua gia moja, ukigusia mafuta, halafu nyingine. Breki ya mkono ivutwe kidogo kidogo huku kitufe chake umekibonyeza, ili uweze kuiachia tairi za nyuma zikianza kuteleza. Washa taa, piga honi, na utafute upande wa mlima, si wa bonde. Kusugua ubavu wa gari kwenye kingo ya udongo ni hasara ya rangi na bati, nayo hutengenezwa.

Ukisikia ile harufu ya pasi mapema, simama mahali papana penye kuonekana, uache breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, chuma cha moto hupasuka. Weka gia ya rivasi kama gari limetazama chini, kata tairi kuelekea ukingo, na uweke jiwe mbele ya gurudumu. Unapoondoka, shuka ulitoe jiwe lile barabarani. Anayekuja nyuma usiku, pengine kwa pikipiki, hatakuwa na habari kwamba liliwekwa kwa wema.

Mazoezi hayahitaji mlima. Anza gari likiwa uani, injini imezimwa na breki ya mkono imevutwa: macho mbele, taja kwa sauti "mafuta, breki, klachi, gia, gusia, achia", miguu ikifuata mpaka ifanye bila kuulizwa. Jioni mbili tatu zinatosha. Kisha nenda kwenye barabara tulivu yenye mwinuko mdogo, ukae kati ya gia ya tatu na ya pili, kwenda na kurudi. Ukitaka mtahini asiyekuwa na upendeleo, weka trei ya mayai kwenye kiti cha nyuma. Na kama mume anapandisha sauti, mwombe ashuke akusubiri kivulini; si vema mtu ajifunze mguu wa breki huku moyo unamwenda mbio.

Wenye otomatiki, neno lenu ni fupi. Mkono wenu una herufi na namba ambazo wengi hawajazigusa tangu siku ya kulinunua gari: L, 2, 3, na kwenye magari mengine S au B. Hizo ndizo gia za kuteremkia. Juu ya mlima, mwendo ukiwa mdogo, toeni D muingize 3 au S, na mlima ukiwa mkali zaidi 2, L au B. Injini itanguruma kuliko mlivyozoea. Iacheni ingurume.

Mwezi ujao tutazungumzia kuondoka kwenye mwinuko bila gari kurudi nyuma, hasa kwenye foleni, wakati lori limekukalia mgongoni.